Nani Kamgeuza Nani

Hikone, Januari. Theluji imelala juu ya mabanda ya baiskeli,
na ndani ya chumba kisicho na dirisha
Chitose Hayamizu anahesabu samaki
wasiojua kwamba wao ni kumi.

Ni ayu wachanga, urefu wa kidole cha kati,
mgongo rangi ya zeituni, tumbo kama bati jipya.
Tangi la duara, kina chake shubiri moja.
Darini, kamera isiyopepesa:
picha mia kila sekunde, leo siku ya arobaini na moja.

Wanageuka.
Wote kwa mpigo, kama shuka inayokung'utwa.
Ukitazama kwa macho utasema: miili kumi, roho moja.
Profesa Onodera halipendi neno roho.
"Nipe namba," husema, na kuirudia chai yake iliyopoa.

Haya, namba.
Mchukue samaki wa tatu. Jua alipokuwa,
jua alikokuwa akielekea, kisha bashiri
atakuwa wapi kufumba na kufumbua.
Utakosea kidogo. Kadiri ulivyokosea, andika.
Sasa chungulia na jana ya samaki wa tisa
(jana yao ni robo ya sekunde)
ubashiri tena.
Kama mshangao wako umepungua,
hicho kilichopungua ndicho kilichosafiri majini
kutoka kwa wa tisa kwenda kwa wa tatu.
Hakina uzito. Hakiloi. Hupimwa kwa biti.

Lugha hii ninayoiandikia ina kichekesho chake:
tunaulizana habari tangu alfajiri hadi usiku
na jibu ni nzuri, hata jeneza likiwa sebuleni.
Jibu linalojulikana kabla ya swali
halina habari ndani yake, hata chembe.
Ila sauti ikikawia kabla ya hiyo nzuri,
hapo ndipo pa kupima.

Na bendera hufuata upepo, sawa,
lakini jedwali la Chitose lina safu mbili:
upepo kwenda bendera, bendera kwenda upepo,
na ya pili ni sifuri.
Kwa samaki sifuri ni adimu.
Kila mmoja ni upepo wa mwenzake,
kila mmoja ni kitambaa.

Wiki ya sita jedwali likamkalisha kitako.
Samaki wa kwanza, aliye mbele siku zote,
alikuwa akifuata.
Mshale ulitoka nyuma, kwa wa tisa,
yule mwenye pezi lililochanika,
aogeleaye kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.
Hakuamini. Alizivuruga nyakati za picha makusudi
kama avurugaye karata, aone kama ni bahati tu.
Mshale ukafutika.
Akazirudisha nyakati mahali pake. Mshale ukarudi.

Jioni ile alimtembeza baba yake kando ya handaki la ngome.
Mzee Tokujiro, tangu kiharusi, huburuta mguu wa kushoto
na amebaki na neno moja, lilelile,
kwa uji, kwa dawa, kwa mvua, kwa jina la marehemu mkewe.
Miezi saba binti amemshika kiwiko
akiamini anamwongoza.

Theluji ilikuwa mbichi, hapana mtu mwingine aliyepita.
Walipogeuza kurudi, taa za njiani zimewaka,
aliziona nyayo zao walizozitangulia.
Kwenye kila kona
ule mfereji wa mguu wa kushoto umepinda kwanza,
na viatu vyake yeye, hatua moja baadaye,
vimepinda pia.

Akasimama. Baba akasimama.
Au baba ndiye aliyesimama, yeye akafuata?
Hapakuwa na kamera.

"Baridi, baba?"

Kimya. Kirefu kuliko cha jana.
Kisha lile neno lake.