Swali la Tisa

Swali la tisa, darasa la tano, mtihani wa Juni:
*Taja mambo matatu ya kuvutia kuhusu makao makuu.*
Nililitunga mwenyewe usiku, miguu ndani ya blanketi,
nikiwaza Dodoma: zabibu, Bunge,
vilima vya mawe vilivyokaa kama mikate iliyosahauliwa juani.
Nikayaandika hayo katika mwongozo.
Watoto thelathini na wanane wakanirudishia zabibu.

Wa thelathini na tisa ni Luhwago Kindole,
mtoto wa mfyatua matofali wa ng'ambo ya Ruaha Mdogo.
Karatasi yake ina alama ya kidole cha udongo
pale wenzake walipoandika tarehe.

"Jambo la kwanza," kaandika, kwa penseli iliyochongwa kwa wembe,
"makao makuu yalikuwa hapa hapa Kalenga.
Hata jina Iringa ni *lilinga*, yaani boma.
Ukuta ulizidi kimo cha mwalimu mkuu
akipanda juu ya dawati na kofia yake.

Jambo la pili, Wajerumani walikuja na mizinga,
ukuta ukabomoka. Sasa pale mama analima nyanya.
Mvua za kwanza zikipiga, udongo wa ukuta unatiririka
mpaka kwenye shimo la baba. Baba anaukanyaga,
anaufyatua, anauchoma usiku na mchana.
Kwa hiyo choo kipya cha wasichana, mwalimu,
ni makao makuu."

Nikacheka peke yangu ofisini.
Kisha nikainuka, nikachungulia dirishani.
Choo kile, chekundu, bati bado linang'aa,
na Sekindole, dada yake wa darasa la saba,
kaegemea ukuta anaota jua,
mikono ya sweta kaivuta hadi kwenye kucha,
maana upepo wa Juni huku
haubishi hodi.

Mwongozo unasema Dodoma.
Lakini Dodoma ilipokea kijiti kutoka Dar es Salaam,
na Dar ilikipokea kutoka Bagamoyo.
Nani aliwafundisha hayo? Mimi,
kwa chaki, mwezi wa tatu,
nikafuta ubao kabla ya kengele.

"Jambo la tatu silijui," anamalizia Luhwago.
"Badala yake nina swali.
Dodoma nao wakishahama,
udongo wa kule utafaa matofali?"

Nikampa mbili.
Nikafuta, nikampa tatu.
Nikakumbuka kwamba swali si jibu,
na kwamba mkaguzi wa elimu, Bwana Mgovano,
hupitia karatasi moja moja na miwani yake puani,
nikarudisha mbili,
nikafuta tena, na karatasi,
ambayo ni nyepesi, ya bei ya wizara,
ikatoboka.

Kwenye tundu naona kipande cha ukurasa wa pili.
Swali la kumi: *Chora ramani ya kijiji chako.*
Kaanza na mto.