Juma la Sechelela

Jumapili mabasi yalianza kutumwaga pale Kibaigwa,
na mabegi, na kuku, na ndoo za zabibu kutoka Hombolo
zilizokwisha kugeuka maji njiani.
Tulikuwa arobaini na mmoja. Mama alituhesabu kwa vikombe.

Nyumba ina vyumba vinne. Wanawake walilala ndani,
wanaume juu ya magunia ya mahindi ya mjomba Chedego,
na sisi tusio na cheo, si watoto wala si wazee,
tukapewa sarafu na mlango: "Nendeni mkaone picha,
mtupishe tupike."

Ndivyo harusi ya dada yangu
ilivyonifanya mtu wa sinema.

Banda la Lazaro lina kuta za salfeti,
mabenchi saba, jenereta moja yenye kikohozi,
na kipaza sauti ambacho Lazaro hakiachii mtu,
maana picha zote ni za Kihindi au za Kichina
na yeye ndiye anayetuambia nani kasema nini.
Kihindi hajui. Kichina pia hajui.
Jambazi akikunja uso, Lazaro hutangaza:
"Huyu anadai pesa ya mahindi aliyokopesha msimu jana,"
na banda zima huguna: mh, tunamjua.

Jumatano bibi Mbeleje akasema naye anataka.
Tukamtembeza nusu, tukambeba nusu,
blanketi la kipupwe shingoni.
Mtu wa kwanza kutokea kwenye kioo,
bibi akainuka: "Mbukwa!"
Yule akapita na farasi wake.
"Mbukwa!" tena, kwa sauti ya kuitia ng'ombe.
Kimya.
Bibi akakaa. "Sura anayo. Malezi hana."
Lazaro akamwombea radhi kwenye spika:
"Ana haraka, bibi. Amefiwa."
"Ah. Basi aende."
Na toka hapo alimwonea huruma
hata alipokwisha kuua watu sita.

Baba hakuja. Baba alikuwa na hesabu:
ng'ombe wa mahari kumi na wawili, mmoja kilema,
turubai limechanika, mchele haujatosha.
"Sinema ni uongo wa kulipia," alisema,
"na wa bure umejaa humu ndani wiki nzima."
Hakucheka hata Ijumaa, walipofika mashangazi wa Bahi,
ngoma za muheme wamezibana mapajani,
wakapiga mpaka vikombe vikatembea rafuni.

Jumamosi akaolewa. Sitaeleza, harusi mmeziona.
Vumbi, shela, pikipiki kumi na tisa za honi,
wali ulioungua chini na juu ukasifiwa.
Dada akapanda gari la watu wa Manyoni,
mkono wake ukabaki dirishani
mpaka kona ya ghala.

Jumapili usiku kijana wa video akaleta kazi yake.
Lazaro akafungua bure.
Tukajaa, vikombe arobaini,
na baba akaja wa mwisho, benchi la nyuma,
karibu na mlango, kama mtu anayepita.

Tukajiona. Tukachekana meno, viatu,
mjomba Chedego akicheza kama anaua siafu.
Kisha kamera ikapotea njia
ikaingia nyuma ya zizi.

Baba yumo, peke yake, na suti yake mpya.
Ameshika kamba ya yule ng'ombe kilema.
Anaifunga. Anaifungua. Anaifunga.
Anamwambia ng'ombe kitu,
midomo inaonekana, sauti haipo,
muheme umeifunika.
Halafu mabega.

Banda zima likamgeukia Lazaro,
yeye anayejua kila mtu kasema nini.
Lazaro akakileta kipaza sauti mdomoni,
akakitazama,
akakilaza juu ya benchi.
Jenereta ikakohoa.

Bibi hakugeuka nyuma.
Aliinuka, uso kwenye kioo, blanketi likamdondoka.
"Mbukwa, mwanangu," akasema.

Na kutoka benchi la nyuma, karibu na mlango,
mtu akaitika:
"Mbukwa, mama."