Mapigo Manne

Tangazo lilibandikwa ukutani pale Mlango Mmoja,
juu ya mganga wa nyota, chini ya mikopo ya haraka:
Nyangeta na Shigela, nanga na saksafoni,
Jumamosi saa mbili usiku,
baada ya miaka kumi na tisa Ulaya.
Wawili tu, iliandikwa. Wawili tu.
Nikarudia kusoma, nikanunua sabuni, nikaenda zangu.

Jumamosi nilifunga banda la barafu mapema.
Wauza dagaa wana harufu, sisi tuna ganzi,
inaingia vidoleni alfajiri
na kukaa, kama mgeni asiyejua kuaga.
Nikavaa shati nililoshonewa kwa harusi ya mtu.
Elfu kumi mlangoni. Sikusema mimi ni nani.

Ukumbi ni lile bwalo la zamani la ushirika wa pamba,
lenye jiwe lililowashinda wajenzi
wakajenga ukuta kulizunguka,
hivyo nusu ya jiwe iko nje inaanikiwa nguo,
nusu iko ndani, nyuma ya jukwaa.
Hapo kwenye jiwe nilikuwa nikiegemeza ngoma.

Shigela ana upara sasa, na tumbo la heshima.
"Mwanza, mwangaluka!" akapaza,
na ukumbi mzima ukacheka:
"Mwadila, mwanetu! Jua lilishazama!"
Akajipiga paji la uso. Miaka kumi na tisa
na asubuhi yake ilikuwa bado haijaisha.

Nyangeta hakusema kitu. Alivaa miwani, akakaza nyuzi.
Neno lina vituko:
nanga ya meli hushika chini, meli itulie,
nanga ya Nyangeta ndiyo iliyomng'oa Ukerewe
ikamtupa kwenye theluji.

Tulikuwa watatu tulipopeleka karatasi ubalozini.
Zilirudi mbili. Ya tatu, walisema, itafuata.
Nilikwenda posta kila Jumanne
mpaka yule mama wa dirishani akawa ananiona mlangoni
na kutikisa kichwa, kuniokolea hatua.

Wakaanza na ule wa kuvusha bibi harusi kutoka Nansio.
Nanga ikatangulia peke yake, taratibu,
saksafoni ikaingia kama mtu aliyechelewa msibani,
akiinama, akitafuta pa kukaa.
Ubeti wa kwanza. Wa pili.
Kisha wote wawili wakaacha.

Nyangeta vidole hewani.
Shigela mdomo wazi, chombo kifuani.
Kijana wa mbele akapiga makofi, akadhani umekwisha,
wenzake wakamfinya.
Moja, mbili, tatu, nne.
Wakaingia tena, pamoja, bila kutazamana.

Ubeti wa nne, hivyo hivyo. Wa sita.
Ndipo nikasikia ubaridi ukinitoka vidoleni.
Hapo ndipo nilipokuwa nikiingia mimi.
Pengo hilo ni langu,
ukubwa wake ni wa ngozi yangu ya mbuzi,
na wamelibeba nchi kwa nchi kama kiti kitupu,
wakikilipia nauli,
huku Wazungu, nadhani, wakinong'onezana: ufundi huo!
Nami nilidhani ngoma yangu ilikufa.
Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa napigwa.

"Baba, mbona wanasimama?" binti wa kiti cha pili aliuliza.
"Hawajasimama," nikasema. "Sikiliza."
Mkono uliinuka gotini wenyewe.
Niliushika kwa ule mwingine
mpaka kimya kikapita, kizima, hakijaguswa.

Sikwenda nyuma ya jukwaa kuwasalimia.
Sijui kwa nini. Labda shati.
Nilitembea mpaka Kirumba, vijidudu vya ziwani
vikizunguka taa kama moshi usio na moto.

Jumapili alfajiri, Mwaloni, nikashika nyundo.
Bonge la barafu, sangara kumi na wawili wakisubiri.
Nikapiga moja, mbili, tatu, nne,
nikanyamaza nyundo juu.
Mwenye samaki akauliza kama mpini umevunjika.
Subiri, nikamwambia.
Wenzangu wanaingia.