Korosho Zilitangulia

Bibi Sikudhani hakuanza na habari ya moyo wa mtoto.
Alikaa barazani kwake, Mikindani, miguu kainyoosha,
anamenya ming'oko ya moto na kupuliza vidole,
akasema: huko Ajmeri ulikokwenda,
walikupa chakula?

Ngoja nianze mbali, Bibi.

Zile stakabadhi tatu za ghalani
na mikorosho arobaini ya Nanguruwe tuliyoiweka rehani kwa aibu,
vyote viliingia katika tundu moja dogo
kifuani mwa Hemedi.
Daktari wa Ligula alichora kwenye karatasi:
hapa damu inapotea njia.
Delhi wanajua kuziba, alisema,
kama anazungumzia pancha.

Ukanipa uzi mwekundu, umeuchomoa kwenye pindo la kanga.
Ukanikumbusha Hawabai wa duka la vitambaa,
enzi paa lake halijaanguka,
alivyoutaja mji ule kila alipokupimia marekani.
Ukaufunge, ukasema, lakini usikaze.
Fundo la kukaza ni la mtu mwenye shaka.

Siku ya kumi na moja bado tuliambiwa subirini.
Kusubiri Delhi ni kazi yenye gharama zake.
Shahnaz, mama mwenye nyumba, alinikuta nahesabu vigae,
akanishika mkono.
Wifi akabaki na mtoto. Mimi nikapanda treni.

Ajmeri imezungukwa na vilima vikavu, Bibi,
vimekaa kama watu wa matanga.
Uchochoro wa kwendea darga ni waridi tupu:
waridi kwa kilo, waridi kwa sinia,
waridi chini ya kwato za ng'ombe.
Sisi huku tunapanda moja kwenye kopo la rangi
na kulilinda na mbuzi.

Nilivua ndara. Sikuziona tena.
Mwanamke mmoja alikuwa kifudifudi kizingitini,
maneno yake ya Kihindi,
kwikwi zake za Kimakonde kabisa.
Nyuzi kimiani zilikuwa maelfu;
nikatafuta upenyo kama anayetafuta pa kukaa msibani.
Nilifunga kwa kulegeza, kama ulivyoagiza.
Kisha nikarudi, nikakaza kidogo.
Unisamehe.

Na uani pana sufuria, lakini usiite sufuria:
mtu hupanda ngazi ndipo achungulie ndani.
Watu wanatumbukiza mchele, sukari, noti zilizokunjwa.
Usiku unapikwa, alfajiri unapakuliwa kwa ndoo.
Nikapewa wangu, wali mtamu wa manjano,
nikatafuna, nikaacha kutafuna.
Korosho.

Shahnaz nilimuuliza zinatoka wapi.
Akapandisha mabega: sokoni.
Ila mimi nayajua magunia yanayopakiwa pale bandarini Mtwara,
korosho bado na maganda yake,
na mkono huu naujua ulivyobabuka kwa ule utomvu.
Sisemi ilikuwa ya Nanguruwe.
Nasema niliitafuna polepole,
kama mtu aliyekutana na jirani ugenini
na jirani kavaa vizuri.
Sisi tulikopa nauli, tukalilia viza;
yeye katangulia kuzuru, hana hata pasi.

Bibi akatema ganda.
Basi walikulisha.
Walinilisha.
Basi yule ni walii.

Hemedi alikuwa anakimbiza bata, shati wazi,
kovu limesimama kifuani kama zipu.
Nikasema: Bibi, sijui ni daktari au ni uzi.
Akanitazama kama nimevunja sahani.
Kwani hao wawili waligombana?

Ijumaa tukaenda kwenye kaburi la shehe wetu.
Halina kuba. Lina bati moja, nyasi,
na kenge asiyeogopa mtu.
Nikafungua karatasi: waridi za Ajmeri
zimegeuka rangi ya majani ya chai.
Nikamwaga. Upepo ukachukua nyingi.

Bibi hakukaa sana na dua.
Alishainama kwenye mafiga, anapuliza kuni,
jicho moja kwa watoto wa mtaa
waliokuwa wanakuja na sahani zao.
Sufuria yake haihitaji ngazi.
Inatosha watu wanane.
Walikuja kumi na tisa.