Tarehe Tatu

Mimi ndiye niliyeipiga ile tarehe kwenye kompyuta,
kwa vidole hivi, kabla ya chai ya saa nne:
Septemba tatu, Jumanne.
Wanda Pruszynski, mashine namba saba, vifuniko vya ndoo.
Miaka sita kibarua wa nusu wiki,
leo mwajiriwa kamili.
Akatia saini kwa mwandiko wa shule ya masista,
akauliza, "Na bima?"

Nikamsomea kama ilivyoandikwa:
huanza tarehe mosi ya mwezi unaofuata
baada ya kutimia siku sitini.
Akahesabu juu ya vifundo vya ngumi,
kifundo mwezi mrefu, bonde mwezi mfupi.
"Novemba," akasema.
Nikasema, "Desemba."

Maana siku ya sitini iliangukia Novemba mosi yenyewe,
mlango ukiwa umeshafungwa.
Angeanza Jumatatu, tarehe mbili,
angepita.
Lakini Jumatatu ile kiwanda kililala:
Sikukuu ya Wafanyakazi,
ambayo hapa Erie huja Septemba
na soseji za kuchoma na vibendera vya karatasi.
Siku ya kumheshimu mfanyakazi
ikamtoza mfanyakazi mwezi mzima.
Mapumziko yakamla pumzi.

Kwani Wanda ana pumu.

Kadi yake ya zamani, ile ya jimbo, ya wenye kipato kidogo,
ilikufa Septemba thelathini.
Barua ilimpongeza kwa mshahara mpya
ikamtakia afya njema.

Pampu yake ina kidirisha mgongoni,
tarakimu hushuka kila akibonyeza.
Oktoba mosi: sitini na nane.
Alinionyesha kantini
kama mtu anavyoonyesha picha ya mjukuu.
Ile nyingine, ya zambarau, ya kuzuia,
dola mia tatu na kumi bila kadi,
aliirudishia mfamasia juu ya kaunta.
Siku sitini na moja, mipulizo sitini na nane.
"Inatosha," alisema,
"nikipanda ngazi kama bibi harusi."

Subira huvuta heri, nilimwambia,
na haya ikanishika kabla sijafunga mdomo.
Akacheka mpaka akakohoa.
"Na mimi," akasema, "navuta nini?"

Je, ningeweza kuandika tarehe mbili?
Nilijaribu. Oktoba, wenzangu wamekwenda kula,
Bwana Hartleb yuko kwenye simu,
nikafuta tatu, nikaweka mbili.
Mfumo ukakataa: siku hiyo si ya kazi.
Nusu ya moyo wangu ikashukuru.
Hilo nalo naliandika.

Kisha theluji ikaja kutoka ziwani,
ya kulala, si ya kupita,
na hewa ya uwanja wa magari ikawa na meno.
Nilikuwa namsikia kabla sijamwona:
filimbi nyembamba kifuani,
hatua tatu, ukuta,
hatua tatu, ukuta.
Nikijifanya natafuta faili.

Novemba ishirini na mbili kidirisha kikasoma sufuri.
Nikajifunza kitu ambacho hakimo kwenye kitabu chetu cha kanuni:
pampu iliyokwisha haijui kunyamaza.
Bado hulia *fyuu*, bado hutoa ubaridi,
dawa tu ndiyo haimo.
Na Wanda aliendelea kubonyeza, macho amefumba,
akihesabu mpaka kumi kama alivyofundishwa.
Mlio wenyewe, alisema, unasaidia.

Desemba mosi ilikuwa Jumapili.
Kadi zikafika Alhamisi, rundo zima,
kila moja imegandishwa kwa gundi laini
kwenye barua ya kumkaribisha mtu.
Sikuitumia posta ya ndani.
Nikashuka nayo mwenyewe, ngazi ishirini na mbili
(sijawahi kuzihesabu kabla ya hapo),
mpaka mashine namba saba.

Akajifuta mikono kwenye aproni.
Akaibandua taratibu, akaisoma jina lake,
kisha akaigeuza nyuma,
kidole gumba kikitafuta kidirisha.