Ndimu Haikuhesabiwa

Kwa akina Sarkhel hakuna karatasi ya vyakula.
Kuna Potla, mpwa wa marehemu,
anasimama penye kona ya meza na kukariri kwa pumzi moja
rui, katla, pabda, kamba wa tui, kichwa cha samaki ndani ya dengu,
kama mwanafunzi anayekimbizana na kengele.
Ukimwomba arudie, ananuna.

Meza ni za marumaru, zimepasuka.
Jani la mgomba linaoshwa mbele yako,
matone yanakudondokea mapajani.
Na kila kitu kina bei yake:
jani, rupia tano.
Kikombe cha udongo, tatu.
Kipande cha ndimu, mbili.
Chumvi tu ndiyo hutozwi.
Marehemu, aliyejua idadi ya punje kwenye gunia,
alisema anayeuza chumvi kesho atamuuza mamaye.

Miaka kumi na tisa nala hapa,
Jumanne na Ijumaa, nikitoka kiwanda cha chapa
ninakosahihisha vitabu vya watu.
Kazi yangu ni kutafuta makosa:
herufi iliyolala, nukta iliyotoroka.
Wananijua. Siku moja nilimwambia Potla
haradali imesagwa bila pilipili mbichi,
na jikoni pakawa kimya hadi jioni.

Ijumaa ile Kolkata ilikuwa imelowa mpaka mifupani.
Tulikuwa sita: karani wa tramu,
wanafunzi wawili wa samaki mmoja,
mama na bintiye wenye sare ya hospitali,
na wakili Lahiri, viatu vyake ndani ya mfuko.
Tukaanza na uchungu, kama ipasavyo:
karela, ndizi mbichi, maganda ya mlonge.
Utamu huja mwisho, ukijaliwa.

Kisha dengu.
Nikatia tonge.
Haikuwa chumvi iliyozidi kidogo.
Ilikuwa chumvi iliyotiwa, ikatiwa tena,
na mkono uleule,
uliosahau kwamba ulishapita.

Lahiri akanyanyua kichwa.
Karani akatazama dari.

Kananbala hatumwoni. Tunauona mkono wake
ukitokeza kwenye kidirisha cha jikoni,
mtupu, bila bangili tangu afiwe,
ukisukuma bakuli, ukirudi mvukeni.
Siku hiyo mkono ulikawia pale.
Sauti ikafuata:
"Dengu zimekaaje leo?"

Sudeshna, bintiye, kwenye sanduku la fedha,
kalamu yake ikasimama.
Akanitazama mimi.
Si wakili. Mimi.

"Zimekaa vizuri, Ma," nikasema.
"Niongezewe."

Potla akaja na upawa, hakuniangalia usoni.
Mwanafunzi mmoja akaomba wali.
Karani akaomba wali.
Lahiri, anayeogopa daktari kuliko hakimu,
akaomba wali mara mbili.
Na mkono ukaingia ndani, umeridhika.

Wasemavyo watu, mama huyu amekula chumvi nyingi.
Siku ile akatugawia.

Sudeshna akainuka mwenyewe na kisahani,
akaweka ndimu kwenye kila jani,
asiulize, asiulizwe.
Tukakamua.
Ikaja ilishi ya haradali,
samaki ambaye miiba yake huisomi kwa macho
ila kwa ncha ya ulimi, mstari kwa mstari,
na anayeharakisha atakoma.
Hiyo ilikuwa kamili. Sijui vipi.
Labda mkono husahau chumvi kabla ya haradali.

Hesabu ilikuja kwenye kipande cha gazeti:
jani, wali mara tatu, dengu mara mbili, ilishi, kikombe.
Nikaipitia kwa kidole, tabia ya kazi.
Ndimu haikuhesabiwa.

Nililiona kosa.
Nikalipa kama lilivyoandikwa,
nikatoka, maji ya barabarani yakinifika vifundoni.
Usiku kucha nilikuwa naamka kunywa maji.