Mfuko wa Ndani

Jumapili ya nne sasa nashona.
Cherehani iko dirishani, hapa Majengo,
na wanaopanda kwenda kanisani huisikia
kabla hawajaniona uso.
Kageha hupunguza sauti ya wimbo
kama mtu anayepita penye matanga.

Wanauliza nani alinikosea.
Wangependa jina: mzee wa kanisa aliyekula mchango wa mabati,
au mtoto niliyemzika huku nikifunga na kuomba.
Mchango uliliwa, ndiyo. Mabati yakaja mwaka uliofuata.
Mtoto sikumzika. Yuko Eldoret, anasomea umeme,
hupiga simu akiishiwa.
Sina kidonda cha kuwaonyesha.

Ilianza na jambo dogo hata naona haya kulisema.
Nilikuwa nachambua maharagwe, naomba nilivyoomba siku zote,
midomo ikienda, mikono ikienda,
nikafika pale pa "usikie maombi yetu",
nikanyamaza ili asikie.
Nikasikia maharagwe.
Nikasikia jirani akisonga ugali, mwiko ukigonga sufuria,
mvua ikijikokota kutoka upande wa Kaimosi,
na nyuma ya hayo yote, pale nilipomweka tangu nina miaka sita,
palikuwa na mraba safi
kama ule unaobaki ukutani
ukiondoa kalenda ya zamani.

Niliendelea kwenda miaka miwili.
Niliimba sauti ya pili, maana ikikosekana
wimbo huchechemea.
Nilifumba macho walipofumba,
kisha nikaanza kuyafumbua:
Endeshi akimwombea mumewe mpaka mishipa ya shingo imsimame,
kijana wa Vugutsa akichungulia saa,
na mimi katikati yao, kama mgeni aliyekuta watu wanakula,
akaambiwa karibu, akanawa mikono, akaketi,
na hana njaa.

Nikaacha. Hakuna ngoma iliyopigwa.
Mama alikaa kimya siku tatu, ya nne akasema,
"Na nikifa, utaniimbia, au utanishonea tu?"
Nitaimba, nikamwambia. Nyimbo zenu zote nazijua.
"Kuzijua si kuziamini."
Ndiyo, mama.
Tukamenya viazi.

Jana alikuja Mchungaji Adagala, joho la zamani limembana.
Nikamzungushia tepu kifuani,
moyo wake ukanigonga vidoleni, mbio,
kama wa kuku unayemtoa sokoni chini ya kwapa.
Nilijua ataanza kuhubiri. Majibu nilikuwa nayo,
nimeyapanga kama vifungo kwenye kadi.
Akatazama vitambaa. Akatazama mlango.
"Nitilie mfuko wa ndani," akasema. "Hapa. Usionekane."
Wa kuweka nini, mchungaji?
"Peremende. Koo hunikauka
nikifika mahali pa kuahidi."

Nikaandika: kifua, inchi arobaini na nne. Mfuko, kushoto.
Hakuniuliza nitarudi lini.
Sikumuuliza huwaahidi nini.

Basi leo nashona. Kule juu wanagonga rimu ya lori,
ndiyo kengele yetu, na mguu wangu bado haujaambiwa:
huinuka wenyewe kutoka kwenye kanyagio,
ukitaka kwenda.
Naurudisha.
Watoto wanapita na shilingi zao ngumini,
mmoja ameangusha yake, anaifukuza mtaroni huku akicheka.

Mfuko nimeupiga mshono mara mbili, uzi mweusi,
vidole viwili vinaingia, cha tatu hakipiti.
Nimetia peremende moja,
ya kuanzia.